Mtazame Jumatatu

Jumamosi alikuja kwenye harusi ya mdogo wake. Alipaka hina, akavaa sare na wenzake, akakaa ukumbini, na bibi harusi alipoingia akapiga vigelegele. Kila aliyemwona alisema, kumbe mzima huyu. Jumapili alichelewa kuamka. Jumatatu hakuweza kuinua mkono achane nywele. Koo linamuuma, mwanga wa dirishani unamchoma macho, na sauti ya mwanawe anayemwita kutoka uani hawezi kuistahimili. Alhamisi bado yuko kitandani, na mawifi waliomwona akicheka Jumamosi wameshapata la kusema.

Mama huyu si wa nyumba fulani, na msimtafute mtaani kwenu. Nimemkusanya kutoka kwenye dalili ambazo madaktari wamekuwa wakiziandika kwa miaka mingi. Lakini najua wapo wasikilizaji ambao sasa hivi wameacha walichokuwa wakifanya, kwa sababu wamesikia habari zao zikisemwa redioni. Mazungumzo ya leo ni yenu kwanza, halafu ni ya wale mnaoishi nao.

Maradhi haya huitwa ugonjwa wa uchovu sugu. Madaktari huyaandika kwa herufi ME/CFS, na ni vyema uzishike herufi hizo, maana utazihitaji siku utakayokaa mbele ya daktari. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa Marekani lilipitia maelfu ya maandiko ya utafiti na kueleza ni nani wa kuhesabiwa kuwa anaumwa. Ni mtu ambaye kwa zaidi ya miezi sita ameshindwa kufanya aliyokuwa akiyafanya zamani, kwa uchovu mzito usioletwa na wingi wa kazi wala kuondolewa na mapumziko. Akijishughulisha, anazidiwa. Analala, na anaamka vilevile alivyolala. Pamoja na hayo, ama akili inakuwa nzito, anapoteza neno katikati ya maelezo na hawezi kufuata mazungumzo ya watu wawili, ama akisimama moyo unamwenda mbio na macho yanaona giza mpaka alale ndipo apate nafuu. Jopo hilo lilikadiria kuwa Marekani peke yake kuna wagonjwa kati ya 836,000 na milioni 2.5, na wengi wao mno hawajawahi kuambiwa na daktari yeyote kuwa wanaumwa nini. Wanawake wanaugua zaidi kuliko wanaume. Karibu robo ya wagonjwa hufika mahali pa kutoweza kutoka nyumbani, au hata kitandani.

Nisingependa tuzipitie dalili zote leo. Nataka tukae na moja, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoutenganisha ugonjwa huu na uchovu wa kila mtu, na hiyo ndiyo inayovunja undugu majumbani. Ni ile ya kuzidiwa baada ya kujishughulisha.

Mkulima akilima kutwa anachoka. Akila, akalala, kesho yake viungo vinauma kidogo lakini anashika jembe, na akiendelea hivyo wiki mbili mwili unazoea. Mgonjwa huyu mwili wake hauzoei. Na shughuli inayomwangusha si lazima iwe jembe. Inaweza kuwa kuoga na kufua nguo mbili asubuhi moja. Inaweza kuwa kusimama kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo, kujaza fomu za shule, kugombana na mtu, au kulia msibani. Kisha pigo lenyewe haliji palepale. Mara nyingi linakuja baada ya saa 12, baada ya siku nzima, hata siku mbili, na likishakuja linaweza kukaa siku, wiki, au miezi.

Waliowahi kuchukua mkopo wa kausha damu watanielewa upesi. Siku unayopewa, fedha ile mkononi ni fedha kamili. Unanunua unga, unalipa ada, na anayekuona dukani anaona mtu mwenye uwezo wake. Siku mwenye mkopo anapokuja kugonga mlango, yule aliyekuona dukani hayupo. Anayejua riba ni wewe na waliolala nyumba moja nawe.

Kuchelewa huku kwa pigo ndiko kulikowaponza wagonjwa. Jamaa wanaona harusi, hawaoni Jumatatu. Mwajiri anaona siku uliyokuja kazini ukafanya vizuri, anauliza kwa nini juzi uliweza na leo huwezi. Hata daktari anadanganyika pasipo kutaka: mgonjwa amejikusanya siku tatu ili aweze kufika kliniki, ameamka alfajiri kuwahi foleni, anaingia chumbani amevaa vizuri na anajibu maswali. Vipimo vinarudi safi. Anaambiwa hana kitu. Gharama ya safari ile ataimaliza kitandani, ambako daktari hafiki.

Na kutoaminiwa huku kumekuwepo tangu zamani. Mwezi Julai 1955, katika hospitali ya Royal Free jijini London, daktari mmoja na muuguzi mmoja waliugua siku moja. Ndani ya siku chache waliokuwa wakiugua ni wengi kiasi kwamba tarehe 25 Julai hospitali ilifungwa, na haikufunguliwa mpaka Oktoba. Hadi mlipuko ulipokwisha mwezi Novemba, wafanyakazi 292 walikuwa wameugua: madaktari, wauguzi, na wahudumu. Kichwa, koo, tezi kuvimba, misuli kuuma na kukosa nguvu, kizunguzungu. Wengine walipona, wengine hawakurudi tena walivyokuwa. Daktari Melvin Ramsay, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza hospitalini hapo, alitumia miaka yake iliyofuata akieleza jambo moja: misuli ya watu hawa, baada ya kazi ndogo tu, inachukua siku nyingi kurudisha nguvu.

Mwaka 1970 wataalamu wawili wa magonjwa ya akili walichapisha maoni yao kuhusu mlipuko huo. Walisoma mafaili; wagonjwa wenyewe hawakuwahoji. Wakahitimisha kuwa ilikuwa taharuki ya pamoja, na miongoni mwa hoja zao ilikuwa kwamba walioathirika zaidi walikuwa wanawake. Ninaposoma habari hiyo nakasirika mpaka leo. Wale walikuwa wauguzi na madaktari, watu ambao kazi yao ni kujua nani anaumwa na nani anajifanya, na bado haikuwasaidia. Sasa fikiria mke wa mtu kule kijijini, asiye na neno moja la kitabibu la kujitetea nalo, akimweleza mama mkwe wake kwa nini maji hayajatekwa.

Baadaye likaja pigo la pili, na hili lilikuja kwa sura ya matibabu. Kama mwili hauna kasoro, wakasema watetezi wake, basi mgonjwa anaogopa kazi, na dawa yake ni mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa Uingereza wenye wagonjwa 641 ulitangaza kwamba njia hiyo inasaidia, na baadaye ukasema kuwa baadhi wanapona. Wagonjwa walishangaa, kwa kuwa miongoni mwao walikuwepo walioingia kwenye mazoezi wakitembea na kutoka wakiwa wa kitandani. Wakaomba takwimu, wakanyimwa. Mgonjwa mmoja wa Australia, Alem Matthees, alipeleka ombi lake hadi barazani, na mwaka 2016 ikaamriwa takwimu zitolewe. Zilipochambuliwa upya ilionekana kwamba kipimo cha kupona kilikuwa kimelegezwa katikati ya safari. Kiliporudishwa kama kilivyopangwa mwanzo, idadi ya waliopona ilishuka sana. Mwezi Oktoba 2021, NICE, taasisi inayowaandikia madaktari wa Uingereza miongozo ya tiba, iliuondoa ushauri wa mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba. Mwongozo mpya unataka mgonjwa afundishwe kuishi ndani ya nguvu alizonazo.

Nimeirefusha habari hii kwa makusudi, kwani hapa kwetu hatukuhitaji utafiti wowote kuufikia ushauri uleule. Sisi tunalo neno jikaze. Tunalisema kwa mapenzi, tena wanaolisema zaidi ni wanaokujali: mama, shangazi, shoga yako. Mwanamke jikaze. Mwanamume hafi kwa uchovu. Usilale sana, utazoea kitanda. Kwa maradhi mengi neno hilo halidhuru. Kwa ugonjwa huu linamsukuma mtu azidi kukopa.

Mwili wenyewe, ukipimwa kwa namna inayofaa, unatoa ushahidi. Watafiti wamewapandisha watu kwenye baiskeli ya mazoezi siku mbili mfululizo, wakipima hewa wanayovuta. Asiye na ugonjwa huu, hata kama hana mazoea ya mazoezi, siku ya pili hufanya karibu sawa na ya kwanza. Kwa wagonjwa wengi siku ya pili uwezo unashuka. Ukiwapima siku ya kwanza peke yake unaweza usilione hilo. Mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam walichukua vipande vidogo vya misuli kutoka kwa watu 25 walioachwa na madhara ya muda mrefu ya UVIKO-19 na ambao huzidiwa wakijishughulisha. Walichukua kabla ya mazoezi na siku moja baada yake. Baada ya mazoezi misuli ilionyesha majeraha, na viwanda vya nguvu ndani ya chembe hai zake vilikuwa vikifanya kazi kwa unyonge. Na mwezi Agosti 2025 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilitangaza matokeo ya awali ya kuchunguza vinasaba vya wagonjwa 15,579. Yalionekana maeneo manane ambayo wagonjwa wanatofautiana na watu wengine, na baadhi yake yanahusu kinga ya mwili na mishipa ya fahamu. Waliohesabiwa katika uchambuzi huo ni wenye asili ya Ulaya. Natamani siku moja nisome hesabu yenye watu wa Tanga, Kisumu na Bukavu ndani yake.

Kwani sababu ya kuhesabiwa tunayo. Kwa wengi ugonjwa huanza na homa ya maambukizi. Katika mji wa Dubbo, Australia, watafiti waliwafuatilia watu 253 tangu siku za mwanzo za homa. Baadhi walikuwa na virusi vya Epstein-Barr, baadhi homa ya Q inayotoka kwa mifugo, na baadhi virusi vya Ross River vinavyoenezwa na mbu. Miezi sita baadaye, zaidi kidogo ya mmoja katika kila kumi alikuwa na ugonjwa wa uchovu sugu, na kiwango kilikaribiana kwa homa zote tatu. Lililobashiri nani atabaki mgonjwa ni ukali wa homa yenyewe. Tabia ya mtu na hali ya akili yake kabla ya kuugua havikubashiri.

Sasa hivyo virusi vya Ross River ni ndugu wa karibu wa chikungunya, na chikungunya sisi hatuhitaji kusimuliwa. Iliandikwa kitabibu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika nyanda za juu za Makonde, upande wa Newala, na jina lake limetoka kwenye Kimakonde. Mwaka 2004 iliingia Lamu, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Kutoka pwani yetu ikasambaa visiwani, na huko Réunion watu waliofuatiliwa miaka miwili baadaye walikuwa na maumivu ya viungo na uchovu zaidi kuliko majirani wasioambukizwa. Sisemi kila aliyebaki na uchovu baada ya chikungunya, dengi au korona ana ugonjwa huu. Ninasema kwamba mtu akikwambia tangu ile homa sijawa mimi, ametaja jambo ambalo sayansi inalijua, na anastahili kusikilizwa.

Badala yake anapewa nini? Anapimwa malaria, anapewa dawa. Hajapata nafuu, anaambiwa ni taifodi. Mwezi unaofuata malaria tena, sasa inaitwa sugu. Dripu mbili, vitamini, sindano. Fedha zikiisha, familia inaanza kutafuta aliyemroga. Ndugu msikilizaji, kipimo kimoja cha damu kinachosema huu ni ugonjwa wa uchovu sugu hakijapatikana popote duniani, wala dawa iliyoidhinishwa ya kuuponya. Daktari anaufikia kwa kusikiliza maelezo vizuri na kwa kuondoa mengine. Na hayo mengine ni lazima yaondolewe kweli: upungufu wa damu, kifua kikuu, VVU, kisukari, kichocho, ugonjwa wa tezi ya shingo, na sonona pia. Mengi kati ya hayo yanatibika, na hakuna anayepaswa kujipachika jina la ugonjwa kwa kusikia redio. Ila vipimo vikiwa safi, jibu la haki ni kwamba hatujaona kwa vipimo hivi. Kumwambia mtu huumwi ni jambo jingine kabisa.

Tuingie nyumbani, maana maisha yapo huko. Mgonjwa anachoweza kufanya ni kuzigawa nguvu zake kabla hazijaisha. Apumzike akiwa bado hajachoka, jambo ambalo kwa malezi yetu ni gumu kuliko linavyosikika. Kazi aikate vipande: leo kuloweka, kesho kufua, na vitu vizito kama shuka na mapazia vichukuliwe na mwingine. Mboga azichambue akiwa ameketi. Bafuni kuwe na kigoda, na baada ya kuoga alale kidogo kabla ya kuvaa. Siku mbili kabla ya safari asipange kitu, na siku mbili baada yake vilevile. Hatari kubwa iko kwenye siku njema. Mtu anaamka mwepesi baada ya wiki tatu, anaona vyombo, vumbi, na nywele za mtoto zisizosukwa, aibu inamshika, anafanya vyote kwa pupa. Hapo ndipo anapoanguka tena. Mume au mama mkwe anayetaka kusaidia kweli amzuie siku hiyo, amwambie basi, imetosha, na kesho asimuulize kwa nini jana uliweza.

Kuna walio na hali nzito zaidi, ambao televisheni ya sebuleni ni mateso na mgeni wa dakika kumi ni gharama ya wiki. Kwao chumba chenye giza na kimya ni sehemu ya tiba. Wageni waje wachache, wazungumze kwa sauti ya chini, wasikae. Najua kwetu kumtembelea mgonjwa ni wajibu na kukaa kwa muda mrefu ni mapenzi. Lakini mapenzi kwa mgonjwa huyu yanaweza kuwa sufuria la chakula lililoachwa mlangoni, watoto wakachukuliwa mpaka jioni, au ujumbe mfupi unaosema usijibu.

Wengine wanaumizwa na ibada. Muislamu anaona haya kuswali ameketi wakati anaonekana ana miguu, anaona haya zaidi kula mchana wa Ramadhani. Ruhusa hiyo imo ndani ya dini yenyewe: asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa, asiyeweza kukaa huswali kwa kulala, na mgonjwa asiyetarajia kupona hulisha maskini badala ya kufunga. Mkristo naye anaulizwa kwa nini haonekani jumuiya. Dini haikumkatalia mtu huyu udhuru wake. Wanaomkatalia ni wanaokaa jirani naye, na ningependa mashehe na mapadri walizungumze hili mimbarini, kwa kuwa maneno yao yatafika kwenye nyumba ambazo madaktari hawafiki.

Watoto pia wanaugua, na hao ndio wanaopachikwa utoro. Mwanafunzi aliyekuwa akikimbia na wenzake, tangu homa fulani anashinda amelaza kichwa juu ya dawati. Mwalimu anamchapa, mzazi anamkaripia. Kwa bahati njema watoto na vijana hupata nafuu kwa wingi kuliko watu wazima, na hiyo ni sababu kubwa ya kutowaharibu mapema kwa viboko na mchakamchaka wa lazima. Masomo machache kwa siku na ruhusa ya kulala mchana vinaweza kumbakiza shuleni. Kwa watu wazima kurudi kabisa hali ya zamani si kawaida. Wengi hupata nafuu ya kiasi, na maisha yanajengwa upya ndani ya mipaka hiyo.

Na yanajengeka. Laura Hillenbrand, mwandishi wa Marekani, aliugua mwaka 1987 akiwa mwanafunzi wa chuo. Kitabu chake kuhusu farasi Seabiscuit, kilichotoka mwaka 2001 na baadaye kikafanywa filamu, alikiandika akiwa mgonjwa wa nyumbani. Siku ambazo kizunguzungu hakikumruhusu kutazama karatasi alilala na kuandika amefumba macho. Simtaji ili mtu amwambie mgonjwa wake mbona yule aliweza. Alipata waliomwamini na nyumba iliyomruhusu kufanya kazi kidogo kwa siku, miaka kwa miaka.

Kwa unayekwenda kliniki wiki hii, chukua daftari la shule. Andika kila siku ulichofanya, na mbele yake andika hali yako siku mbili baadaye. Wiki tatu za daftari hilo zitamweleza daktari kile ambacho uso wako hautamweleza. Nenda na mtu anayekuona Jumatatu, naye apewe nafasi ya kusema. Na ukikuta foleni ni ya kusimama, mwombe muuguzi kiti.